Nyumba za Saa Kumi

Bulandina alifika Bwera saa nne asubuhi, siku ya soko, akiwa na kisanduku cha mbao alichokifunga kwa kitenge cha zamani. Alipita safu ya wauza ndizi, akapita wanawake wa kutoka ng'ambo ya mpaka waliotandaza vitenge vipya chini, akauliza karakana ya Fidèle. Alielekezwa nyuma ya ghala la kahawa.

Fidèle alikuwa seremala kutoka Butembo, ng'ambo hiyo hiyo ya mpaka. Alikuwa amekaa Bwera miaka sita, akitengeneza viti, milango, na kila kitu cha kanisani kilichokuwa na mbao ndani yake. Alifungua kitenge, akakiangalia kisanduku bila kukigusa.

Ilikuwa metronomu. Ilikuwa na umbo la mnara mdogo, na mbele yake mkono wa chuma uliopaswa kuyumba kulia na kushoto ukigonga tik, tak, ili anayepiga muziki asikimbie wala asichelewe. Mkono huo ulikuwa umeganda katikati.

"Mama, hii ilianguka mu mayi?"

"Ilianguka. Sasa ni miaka ine. Na mimi pia nilianguka."

"Wewe ulikauka. Hii haikukauka."

Alifungua misumari minne ya nyuma, akakiinamisha kisanduku. Maji ya kahawia yalitoka, nusu kikombe hivi, yakiwa bado na baridi ya mtoni. Fidèle aliyamwaga kwenye mche wa papai uliokuwa mlangoni.

"Itakaa hapa siku kenda, juu ya magunia ya kahawa," alisema. "Kahawa inakunywa mayi ya bintu yote."

Siku ya kumi Bulandina alirudi kuichukua. Fidèle alikaza funguo yake, akasogeza kidude kizito kwenye mkono wa chuma hadi namba sitini, akauachia mkono. Waliisikiliza wote wawili huku yeye ameshika simu yenye saa. Mapigo sitini yalitimia pamoja na dakika.

"Iko muzima. Lakini usiiache inagonga peke yake. Inapenda kufanya kazi na mutu."

Bulandina alikuwa mwalimu wa kwaya katika kigango kidogo cha Kikatoliki ukingoni mwa mto Nyamwamba, juu kidogo ya mji wa Kasese. Kabla ya mafuriko kigango hicho kilikuwa katikati ya kijiji cha nyumba arobaini na moja. Asubuhi moja ya mwezi wa tano, watu wakiwa wanakunywa chai, mto ulishuka na mawe makubwa kama ng'ombe. Kigango kilibaki kwa sababu kilikuwa kwenye mwinuko. Nyumba zote zilikwenda. Mumewe Tefiro, ambaye zamani alikuwa mpagazi wa kupandisha wageni mlimani kutoka Nyakalengija na goti lake moja lilikuwa limechoka, alimwambia mkewe, "Tangulia, nakuja." Bulandina alitangulia. Kwa mkono mmoja alishika metronomu, na kwa mwingine mtoto wa jirani. Tefiro hakuja.

Tangu siku hiyo walionusurika waliishi kwenye mahema, katika uwanja wa Rukoki. Ofisi iliyohusika na maafa ilisema kuwa watapewa ardhi mahali pa juu, na kwamba orodha itatoka baada ya tathmini. Tathmini ilikuwa haijafanyika. Wakati wa mvua maji yaliingia kwenye mahema kutoka chini, na wakati wa jua plastiki ilinuka.

Jioni ile ile aliyotoka Bwera, saa kumi, Bulandina aliiweka metronomu juu ya kinanda cha kukanyaga, akaiachia kwa sitini, akaanza mazoezi ya kwaya kwa wimbo wa kuingilia misa. Ulikuwa na kurasa nne. Aliutaka taratibu, kwa sababu kwaya yake ilizoea kuukimbiza kama watu wanaofukuzwa na mvua.

Alipofika ukurasa wa pili, nyumba zilikuwa zimerudi.

Zilisimama mahali pake kwenye mawe, kila moja na ua wake. Mackline, aliyekuwa mwimbaji wa sauti ya pili na jirani wa zamani wa Bulandina, alichungulia dirishani, akaona nguo zake kwenye kamba. Aliomba ruhusa, akaenda kuzianua. Waimbaji wengine nao walitoka mmoja mmoja. Bulandina aliendelea kupiga hadi mwisho wa ukurasa wa nne, kisha akainua mikono ili ageuze daftari. Nyumba ziliondoka. Mackline alibaki amesimama juu ya mawe, mikono yake imekunjwa kama inayobeba nguo, lakini nguo hazikuwepo.

"Piga tena, mwalimu," alisema. "Sikuwa nimemaliza."

Baada ya wiki moja walikuwa wameshazoea taratibu zake. Metronomu ikigonga peke yake, hakuna kilichotokea. Kinanda kikipigwa bila metronomu, hakuna kilichotokea. Vikienda pamoja, bila kupishana, nyumba zilikuwepo. Kitu ulichokitoa nje kiliondoka pamoja na nyumba. Kitu ulichokiingiza ndani kilibaki huko. Funguo ya metronomu iliisha nguvu kila baada ya dakika ishirini na mbili, kwa hiyo Bulandina alijifunza kuikaza kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukiendelea na sauti ya chini.

Watu walitoka Rukoki kila siku saa tisa na nusu ili wawahi. Walilala kidogo kwenye vitanda vyao. Walifagia. Mzee mmoja alikuwa anakaa tu mlangoni pake, akitazama barabara ambayo nayo ilirudi kwa urefu wa hatua mia moja. Ukipita pale wakati huo ulisikia kinanda kwa mbali, taratibu, na moshi wa majiko ukipanda wima juu ya paa zote arobaini na moja.

Katika wiki hiyo ya kwanza, siku ya tatu, Mackline aliingia kigangoni, akasimama kando ya kinanda.

"Mwalimu, nimepita kwako. Mzee wako iko ndani."

Bulandina hakuacha kupiga. "Anafanya nini?"

"Anachagua maharage. Anakusalimia sana. Anasema chumvi imeisha."

"Mpelekee ile ya Katwe. Iko kwa mfuko wangu, hapo kwa benchi."

Mackline alipeleka chumvi. Kesho yake alirudi na ujumbe kwamba chumvi imefika, na kwamba mzee anauliza Bulandina atakuja lini.

"Mwambie nafanya kazi," alisema Bulandina.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Kutoka kwenye kinanda hadi mlango wa nyumba yake zilikuwa hatua sabini. Alipojaribu kuzitembea, hata kwa mbio, alikuta mawe. Kupitia dirisha la kigango aliona kona moja ya paa lake na nusu ya mlango. Mara mbili aliona kiwiko cha Tefiro kwenye nguzo ya baraza. Usiku hemani alihesabu hatua sabini kwa macho yaliyofumbwa, na asubuhi alikuwa na uchovu wa mtu aliyesafiri.

Alituma ujumbe kwa Fidèle aje apige badala yake. Fidèle alikuja siku ya Jumamosi, akiwa amevaa shati la kanisani, kwa sababu kule Butembo aliwahi kupiga kinanda katika parokia. Alikaa, akasikiliza mapigo ya metronomu, akaanza vizuri sana. Bulandina alisimama mlangoni, mguu mmoja nje. Kwenye ukurasa wa pili vidole vya Fidèle vilikumbuka muziki mwingine, wa harusi na wa bia, vikaanza kuongeza mwendo. Metronomu ilibaki nyuma. Nyumba zilianza kuinama upande mmoja, kama watu wanaotaka kuinuka kitini, na wenye nyumba walitoka haraka, wengine na sahani mikononi.

"Fidèle, taratibu!"

"Mama, minajaribu. Mikono haisikie."

Zilitoweka Bulandina akiwa amepiga hatua kumi na tisa. Fidèle aliomba msamaha mara nyingi, akasema yeye ni mutu wa mbao na si wa subira, akapokea ndizi alizopewa, akarudi Bwera.

Katika mwezi wa nne, afisa aliyeitwa Benon alitangaza kwamba anakuja kufanya tathmini. Watu walikutana mbele ya mahema. Baadhi walisema waende ukingoni wamwonyeshe mawe. Mackline alipinga.

"Mawe kila mtu ameona. Mawe haina jina ya mtu. Mwalimu apige, afisa aingie ndani, apime. Akiona nyumba, atajua tulipoteza nini."

Walikubaliana wote. Bulandina alikata kucha, akapaka funguo ya metronomu mafuta.

Bwana Benon alikuja saa kumi kamili, akiwa na kofia, utepe wa kupimia na fomu nyingi. Alikuwa mtu mpole. Aliingia katika kila nyumba baada ya kupiga hodi. Aligonga ukuta wa Mackline kwa kifundo cha kidole, akaandika: matofali ya kuchoma. Alihesabu mabati. Kwenye nyumba ya Tefiro alikaribishwa chai, akanywa, akasema tangawizi imekolea.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ni mimi," alisema Tefiro.

"Unaishi hapa?"

"Naishi hapa."

"Weka sahihi."

Tefiro aliweka sahihi, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto.

Bulandina alipiga kwa saa moja na dakika hamsini. Alikaza funguo mara tano. Mgongo wake uliwaka, na kifundo cha mguu wa kulia kilivimba kwa kukanyaga, lakini mwendo haukubadilika hata kwa pigo moja. Hatimaye Bwana Benon aliingia kigangoni akiwa na fomu kwapani.

"Mwalimu, kazi imeisha. Nyumba arobaini na moja, na yote imesimama. Hata ni mazuri."

"Ngoja kidogo, bwana. Simama hapo mlangoni, uangalie nje. Naacha kupiga."

Aliacha. Nje kulikuwa na mawe, mto, na watu wamesimama wametawanyika kama mbuzi. Bwana Benon aliangalia kwa muda. Kisha akaangalia saa yake.

"Andika na hiyo," alisema Bulandina.

"Mwalimu, fomu inauliza hali ya nyumba wakati wa ukaguzi. Wakati wa ukaguzi ilikuwa imesimama."

"Na asubuhi? Asubuhi watu yangu wataamka wapi?"

"Asubuhi mimi niko Bwera, kwa ukaguzi ingine." Alisema hivyo kwa huruma. "Hakuna nafasi ya asubuhi kwa fomu. Ningekuwa na nafasi ningeandika."

Barua ilisomwa Rukoki baada ya wiki tatu. Ilisema kwamba tathmini imethibitisha kuwa kaya zote arobaini na moja zina nyumba za kudumu zenye hali nzuri, na moja inakaliwa na mwenyewe, ambaye ametia sahihi. Kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kambi wala ya ardhi. Mahema yangeondolewa mwisho wa mwezi.

Yaliondolewa. Vijana waliokuja na lori walikuwa na adabu. Waliwasaidia wazee kubeba masufuria hadi barabarani. Mackline alikwenda kwa kaka yake Nyakalengija. Wengine walipanga vyumba mjini, wengine wakavuka mpaka kwenda kwa ndugu. Bulandina alipewa jiko la dada yake, pale pale Rukoki, ambamo alilala baada ya wenyewe kumaliza kupika. Wengi waliendelea kuja saa kumi, ila sasa walitoka mbali zaidi na walifika wamechoka.

Jamidah, fundi wa kushona mwenye umri wa miaka ishirini na sita, naye alikuwa wa mahemani. Mashine yake ya miguu aliihamishia barazani kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Bulandina alimpelekea majoho ya kwaya ayapinde upya. Alikaa kwenye kigoda kumsubiri, na kwa kuwa metronomu ilikuwa ndani ya mfuko aliobebea majoho, aliitoa akaiweka juu ya meza ya mashine, akaiachia kwa sitini. Jamidah alikuwa anashona na kuzungumza na mteja. Miguu yake ilikanyaga, na sindano ilishuka pamoja na pigo, pigo kwa pigo, hadi funguo ilipoisha. Dakika ishirini na mbili. Hakupishana hata mara moja.

"Umewahi kupiga kinanda?"

"Mimi ni Mwislamu, mwalimu."

"Kinanda haiulizi."

"Na padri?"

"Padri anakuja Jumapili tu."

Jamidah alikata uzi kwa meno. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya saba kutoka kigangoni, na humo mlikuwa na mashine nyingine, ya mama yake, iliyokuwa nzuri kuliko hii. Alisema atajaribu.

Alijifunza kwa wiki sita. Noti hakuzijua, kwa hiyo Bulandina alimfundisha wimbo kama mtu anavyofundishwa kukata nguo: hapa unapita moja kwa moja, hapa unakunja kona, hapa unarudi. Mwanzoni vidole vyake vilikuwa vigumu. Miguu haikumsumbua hata siku ya kwanza.

Jumatano moja ya mwezi wa nane Jamidah alisema yuko tayari.

Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, mtu mmoja aitwaye Mumbere alifika ukingoni na baiskeli. Alikuwa mpeleka barua wa ile ofisi ya maafa, karibu astaafu. Alikuwa na barua ya Tefiro, yenye mhuri, ambayo ilipaswa kupokelewa kwa mkono. Alimkuta Bulandina anafagia kigango.

"Kwa Tefiro ni wapi, mama?"

"Pale. Lakini mpaka saa kumi."

Mumbere aliegemeza baiskeli, akakaa kwenye jiwe, akasubiri. Alikuwa amewahi kuwasubiri watu wagumu kuliko huyo.

Saa kumi Jamidah alivua viatu, akaweka miguu kwenye kinanda, akaanza. Kizingiti kilikuja kwanza, kisha kuta, kisha paa, kisha harufu ya maharage. Mumbere alipiga hodi. Tefiro alifungua, akatia sahihi kwenye daftari, akapokea barua. Mumbere alipogeuka aondoke, Bulandina alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa amemaliza hatua sabini.

"Ingia," alisema Tefiro. "Mbona umekonda?"

Aliingia. Redio ilikuwa mahali pake. Kalenda ukutani ilikuwa ya mwaka wa mafuriko. Tefiro alimpa kiti, akapakua obundu, ugali wao wa muhogo, na maharage kwenye sahani mbili, nao wakaanza kula kwa sababu chakula kilikuwa moto. Bulandina alikuwa ameyapanga maneno yake kwa miaka minne, na sasa yalimtoka bila mpango.

"Nilishika kisanduku. Ningekushika wewe mkono."

Tefiro alitafuna, akameza. "Mkono mwingine ulishika mtoto."

"Ningeacha kisanduku."

"Ungeacha," alikubali. "Lakini goti hii ingekuvuta chini. Na maji ilikuwa baridi, mama, ila si kwa muda mrefu."

Bulandina alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akachukua tonge jingine. Nje wimbo ulifika ukurasa wa nne na kuanza upya. Jamidah hakuacha nafasi kati ya mwisho na mwanzo. Aliunganisha kama mshono.

"Nani anapiga?"

"Jamidah, fundi wa kushona."

"Anapiga vizuri kuliko wewe."

"Najua." Kisha akakumbuka jambo lililokuwa linamuuma. "Kwa nini uliweka sahihi? Ile sahihi yako ndiyo ilitutoa kwa hema."

Tefiro aliweka tonge chini. "Aliniuliza kama naishi hapa. Ningesema nini?"

Bulandina alichukua miwani iliyokuwa kando ya redio, akamsogezea.

"Soma barua yako," alisema.

Tefiro alivaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, na bila kukusudia maneno yake yakaenda na mapigo. Ofisi ilimshukuru kwa ushirikiano wake. Ilimjulisha kwamba faili la kaya arobaini na moja limefungwa rasmi na kwamba madai mengine hayatapokelewa. Ilimkumbusha, kama mwenye nyumba, kuitunza nyumba yake katika hali nzuri, kwa kuwa tathmini nyingine itafanyika baada ya miaka mitano.

Aliikunja, akaiweka chini ya redio. Kisha aliinua macho akaangalia dari, pale maji ya mvua ya zamani yalipochora doa.

"Miaka mitano," alisema. "Bati hii haifiki. Inataka rangi."

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Hata kijani ni sawa."

"Nitamwambia Mackline alete. Ikiingia ndani inabaki."

"Na brashi."

"Na brashi."

Walimaliza kula. Bulandina aliosha sahani, akazifunika kwa kitambaa. Kupitia dirishani aliona majirani wakianza kutoka kwenye nyumba zao na kuelekea barabarani, kwa sababu wa Nyakalengija walikuwa na safari ndefu. Metronomu ilikuwa inakaribia kuchoka. Alisikia mkono wa kushoto wa Jamidah ukibaki peke yake kwa muda, sauti ya chini tu, wakati wa kulia ukikaza funguo. Kuta hazikutikisika.

"Utakuja kesho?" aliuliza Tefiro.

"Kesho Jamidah ana nguo za harusi. Ijumaa."

"Basi Ijumaa."

Alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akarudi ndani, akatokea mlango wa nyuma. Bulandina alipokuwa anashuka barazani alimsikia akiburuta ngazi kutoka nyuma ya nyumba, taratibu, kwa sababu ya goti.